Wakubwa Wawili, Namba Moja

Idara ya Maji iliutangazia umma, kwa heshima na taadhima, kwamba simu za Ofisi ya Juu na Ofisi ya Chini zimeunganishwa kwa nyaya za faiba. Hotuba zilisomwa, keki ikakatwa. Mabomba siku hiyo yalikuwa makavu, lakini hilo halikuwamo kwenye ratiba.

Palikuwa na kadosari kamoja tu. Kila ofisi ilikuwa na mkurugenzi wake, na simu ya kila mkurugenzi ilikuwa namba mia moja.

"Mmoja wenu awe mia mbili," fundi wa simu alimwambia Mkurugenzi wa Juu. "Ni kubonyeza tu, mzee."

"Mia mbili? Mimi?" Mshipa wa shingo ulimsimama. "Hata mlinzi wa geti ana mia na nane! Kamwambie wa Chini."

"Nimetoka kwake sasa hivi. Kasema nikuambie wewe."

Si heshima tu iliyomkaba. Waziri alishasema kwamba ofisi zikiungana atabaki mkurugenzi mmoja, na kwamba huyo atakayebaki atapigiwa simu na Waziri mwenyewe kupewa habari. Angepiga ngapi kama si mia moja? Kuiachia namba ilikuwa kukiachia kiti.

Fundi, hoi kwa kupanda na kushuka, akazifanya simu zote mbili ziite kwa pamoja. Atakayewahi, ndiye.

Tangu hapo Mkurugenzi wa Juu hakubanduka ofisini. Vikao alivifuta. Semina alizikataa, pamoja na posho zake, jambo lililowatia wahasibu hofu juu ya afya yake. Chai aliinywa kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa juu ya mkonga wa simu. Simu ikilia nusu mlio, kashanyakua.

"Mheshimiwa Waziri!"

"Waziri gani, baba? Bomba limepasuka huku, mtaa mzima tunaogelea!"

Alitaka kukata. Lakini je, kama ni Waziri anampima kwa sauti ya mwanamke? Waziri ana mambo yule!

"Pole sana, mama. Fundi anakuja sasa hivi." Na kwa woga, akamtuma kweli.

Siku moja mkewe alipiga, akapokelewa na wa Chini.

"Yule mwenzako ana adabu, jamani!" alimwambia mumewe jioni. "Kaniita dada, kaniuliza kama maji yanatoka. Wewe, baba watoto, umewahi kuniuliza?"

Wivu ulimchoma, kesho yake akawahi simu maradufu. Mitaani watu wakaambiana, "Piga mia moja, wanapokea!" Mabomba yaliyopasuka yakazibwa, maji yakatoka.

Hatimaye Waziri akapiga. Wa Juu akawahi.

"Hongera, kijana," Waziri akasema. "Wewe na mwenzako mnapokea simu vizuri mno. Nipe mkurugenzi."

"Ndiye mimi, Mheshimiwa!"

Waziri akacheka mpaka akakohoa. "Acha utani. Mkurugenzi gani anapokea simu? Nimeulizia: kikaoni haonekani, semina haendi, posho hachukui. Hayupo, na maji yanatoka! Basi cheo hicho nimekifuta, huku na huko. Nyinyi wapokezi endeleeni hivyo hivyo."

Akakata. Mkurugenzi alipouweka mkonga tu, simu ikalia tena, na mkono ukanyakua wenyewe.

"Idara ya Maji, tukusaidie nini?"

"Ah, ni wewe?" mkewe akasema. "Hebu nipe yule mwenzako."