Saba za Dokta

Dokta hakuwa daktari wa watu wala wa mifugo. Jina hilo alipewa na majirani zake katika jengo la maduka ya kompyuta, kwa sababu ya koti jeupe alilovaa, na kwa sababu mteja akileta mashine, yeye huitegea sikio, hufumba macho, kisha husema kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba: "Prosesa imechoka."

Imechoka! Kidude kile bapa, mraba mdogo kama biskuti, kinachofikiri kwa niaba ya kompyuta nzima, hakina mapafu wala magoti. Lakini Dokta akishasema kimechoka, mteja naye huanza kuhema.

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi, cha kioo, na kiti kilikuwa kimoja tu. Pale mbele aliweka kompyuta ya maonyesho, ambayo kutwa nzima ilicheza mpira. Wachezaji walikimbia, nyavu zilitikisika, na nyasi ungesema zimemwagiliwa asubuhi hiyo. Ndani ya mashine ile mlikuwa na prosesa halali ya kori sita, ya bei ya kati, ile ambayo muuzaji mwaminifu angemshauri mtu anayetaka kucheza bila kuuza kitanda chake. Dokta hakumshauri mtu yeyote hivyo. Aliwaambia wanatazama kazi ya Elfu Tisa Mia Saba, baba wa prosesa zote, kisha aliwauzia moja iliyo ndani ya boksi.

Na ya ndani ya boksi? Hiyo alikuwa ameinunua kwa wauza vyuma chakavu, ikiwa kongwe. Aliisugua uso kwa msasa, akaiandika upya kwa kalamu ya umeme: 9700. Tisa yake ilikuwa nzuri, sifuri zake mviringo. Saba tu ndiyo ilimshinda. Dokta hakuwa na mazoea ya kula asubuhi, na mkono ulipofika kwenye mguu wa saba ulitetemeka, mguu ukapinda kwa ndani kama wa mtu aliyebanwa na kiatu.

Siku ya habari hii, Dokta alikuwa amepiga pasi koti. Saa tano angekuja mwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta, mtu mnene wa maneno na mwembamba wa mkono, kununua prosesa kumi kwa mpigo. Mwenye ukumbi alijua vizuri kwamba bei aliyotajiwa ni ndogo mno kwa mali halali. Hakuuliza kwa nini. Alishachapisha hata tangazo la kupandisha kiingilio. Dokta naye alishaona moyoni duka lenye mlango, jina lake juu, na viti vinne. Mauzo ya leo ndiyo yangemtoa chini ya ngazi.

Saa nne na nusu alikuja mama mmoja, mtu mzima, mkoba mkononi na miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari wa hizi?"

"Ndiye. Karibu ukae." Akampa kiti chake, yeye akasimama. Hilo alilifanya bila hila. Mama yake mzazi alimlea hivyo, na ujanja wa mjini ulikuwa haujafika hapo bado.

"Ahsante, baba. Magoti haya yalinikanyagia cherehani ya jezi miaka thelathini, sasa yanadai." Akafungua mkoba, akatoa leso, na ndani ya leso mlikuwa na prosesa. "Mtoto wa kaka yangu kapewa hii na bosi wake. Anasema ni kubwa mno kwake. Yeye anataka ya kuchezea mpira tu akitoka kazini. Nimekuja kubadilisha."

Dokta alitupa jicho. Mafuta ya kupozea yalikuwa yamekauka usoni pake, lakini pembeni ilichungulia tisa, na mwishoni zilikaa sifuri mbili. Elfu Tisa Mia Saba! Ya kweli, kutoka kwa bosi!

Sasa Dokta alikuwa na sheria moja aliyojitungia mwenyewe: kitu akikitaka, hakitazami mara mbili. Mteja akiona unafuta vumbi, unageuza, unasogeza kwenye mwanga, anajua kina thamani. Kwa hiyo hakufuta. Alikiacha palepale kwenye leso, akapiga miayo.

"Mama, hii imechoka."

"Maskini! Imechoka sana?"

"Sana. Lakini nimekuhurumia. Chukua boksi moja hapa, jipya kabisa, tubadilishane. Wala usiongeze kitu."

"Mungu akuzidishie. Ila mimi mabosi nayaogopa, baba… maboksi, nimesema nini! Naogopa kitu nisichokiona. Nipe hiyo inayocheza mpira hapo. Hiyo nimeiona kwa macho yangu."

"Hiyo ni ya kawaida tu, mama. Kori sita."

"Kori ndiyo nini?"

"Ni kama mafundi ndani ya chumba. Hapo wamo sita."

"Mtu mmoja na mpira wake, mafundi sita hawamtoshi?"

"Wanamtosha na kubaki," alisema Dokta, na hayo ya kori sita ndiyo maneno pekee ya kweli aliyomwambia mteja wiki ile.

"Basi na mimi nataka sita. Wengi watagombana."

Dokta alitazama saa. Mwenye ukumbi alikuwa njiani. Akazima mashine, akafungua ubavu wake, akatoa prosesa halali, akaifuta, akaifungia vizuri kwenye sifongo isije ikapinda. Mama aliufuata mkono wake kwa macho.

"Unatetemeka, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula, mama."

"Mnasema hivyo wote." Akaweka kifurushi cha karatasi juu ya meza. "Mayai ya kuchemsha. Ule kabla hayajapoa." Akaaga, akatoka kwenda barabarani polepole, akishika ukuta.

Dokta alicheka peke yake. Akaibusu ile prosesa, akachukua kitambaa, akaanza kuifuta ili aipake mafuta mapya. Tisa ikang'aa. Kisha ikatokea saba.

Mguu wake umepinda kwa ndani.

"Daktari!" Mwenye ukumbi alikuwa ameshaziba pa kuingilia. "Mbona mpira umezimwa? Washa nione baba wa prosesa!"

"Bosi, leo umeme—"

"Taa si zinawaka? Washa."

Angefanya nini? Aliiweka, akafunga, akawasha. Feni ililia kama mtoto aliyenyimwa titi. Mpira ulipotokea, mchezaji aliinua mguu kupiga, na mguu ukabaki hewani. Mwenye ukumbi alisubiri. Kipa alianza kuruka, akaghairi katikati.

"Huyu anaomba dua?"

"Anapasha misuli, bosi."

"Nusu saa?" Akanyoosha mkono akavuta boksi moja, akalifungua. Akavuta la pili, la tatu. Akazipanga prosesa mezani, akainama. "Daktari, hizi saba zako zote zimevunjika mguu palepale. Ni ajali ya basi moja?"

Dokta alianza kuzikusanya azirudishe ndani ya maboksi. Mwenye ukumbi aliondoka akifoka, si kwa sababu aliletewa mali ya uongo, bali kwa sababu sasa angelazimika kubandua tangazo la kiingilio.

Mpira ulioingia wavuni dakika tano zilizopita ndiyo kwanza ulikuwa unahesabiwa goli. Dokta aliketi kwenye kiti chake kimoja, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alifungua kifurushi. Mayai mawili, chumvi kidogo kwenye kikaratasi, na barua fupi ya mwandiko kama wa kushonwa, herufi moja baada ya nyingine:

"Mwanangu. Mtoto wa kaka yangu, fundi baiskeli uliyemuuzia lile boksi mwezi jana, anakusalimu. Nimeshona namba za jezi tangu hujazaliwa, na saba yako nimeijua: ni saba ya mtu mwenye njaa. Uwe unakula asubuhi."

Chini, kwa penseli, palikuwa na neno lililoongezwa haraka, mkoba ukiwa magotini, Dokta akiwa ameinamia mashine:

"Ahsante kwa kiti."

Dokta alimenya yai la kwanza. Lilikuwa bado la moto.