Joho la Mama na Hirizi za Baba Mkuu

Alhamisi, 2 Machi

Polisi! Malori mpaka njia panda. Wanamtafuta Baba Mkuu Sutham, mkuu wa watawa wa hekalu letu la Nong Takhian. Eti ametafuna akiba ya ushirika wa walimu na kuitakatisha kwa viwanja. Mimi simo. Mimi nauza hirizi nje ya lango, mambo ya viwanja siyajui.

Lakini kwa nini wiki hii, jamani? Jumapili ndiyo siku yangu ya kuvishwa joho la utawa! Mama amengoja tangu nikiwa kijana wa miaka ishirini, na sasa nina arobaini na tatu. Kila mwaka nilikuwa na udhuru. Mwaka wa bwawa la kambare. Mwaka wa mashine ya barafu. Mwaka ule wa bata, ambao sitaki kuuzungumzia. Sasa presha ya macho inammaliza. Daktari amesema nuru inaondoka kidogo kidogo, na ikishaondoka hairudi. Kwa sasa anaona rangi na vivuli tu. Anachotaka ni kimoja: aione rangi ya joho mwilini mwangu angali anaona, apate ile thawabu ambayo mama huipata mwanawe akiingia utawani. Wiki mbili tu za utawa, basi, nirudi kwenye meza yangu.

Niandike ukweli, maana humu hasomi mtu. Safari hii nilikubali haraka kwa sababu sanduku langu zima la hirizi, zenye sura ya Baba Mkuu, liko ukumbini kwake. Angeziombea Jumapili hiyohiyo. Mama apate thawabu, mimi nipate mali. Ubaya uko wapi?

Thawon, muuza maua ya yungiyungi wa meza ya jirani, amenicheka mbele ya watu. Ati hirizi za mwizi nikazuilie mlango usijibamize. Ana uchungu wake, mkewe ni mwalimu na akiba yao imo humo humo. Lakini ndiyo anicheke mimi?

Ijumaa, 3 Machi

Hawajampata! Wamefungua chumba baada ya chumba. Kitandani kwake wamekuta blanketi limefunika mito. Waumini wamekaa langoni wanaomba kwa sauti, na polisi hawathubutu kuwaruka.

Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Baba Mkuu haonekani. Kwa hiyo? Kwa hiyo hirizi yake inamfanya mtu asionekane! Nikamnong'oneza mama muuza chai, nikamwapisha asimwambie mtu. Kufikia mchana soko zima lilikuwa linajua. Mungu ambariki yule mama.

Nimeuza zote zilizokuwa mezani. Bwana mmoja anataka kumkwepa mama mkwe. Koplo mmoja wa msako wenyewe amenivuta pembeni, akanunua mbili, bosi wake asimwone anaposinzia. Watu wanataka zaidi, na sanduku liko ndani! Nikaenda langoni. Nikafukuzwa. Hakuna raia kuingia, watawa tu.

Thawon akapaza sauti, "Kaka Tui, kama hirizi zinaficha mtu, mbona wewe nakuona mzima mzima, na hicho kitambi?" Wateja wakacheka. Wawili wakadai pesa zao. Nimemchukia kwa dhati.

Jumamosi, 4 Machi

Leo nimenyolewa. Mama ndiye aliyekata shungi la kwanza, kama desturi. Ilibidi nimwongoze mkono, maana mkasi ulikuwa unalielekea sikio. Shangazi wakafuata, kisha wembe ukapita kote, nyusi pia. Mama akanipapasa usoni akacheka. Akasema ndivyo nilivyokuwa siku niliyozaliwa, ila sasa nina mikunjo.

Nilidhani hekalu likiwa limefungwa jambo limekufa. La! Thawon kaja nyumbani, Thawon huyuhuyu. Amezungumza na mkuu wa hekalu la Ban Khok, kijiji cha pili. Mzee amekubali kunivisha joho kesho asubuhi. Thawon atatupeleka kwa pikapu yake. Mama akalia, akamshika Thawon mikono akamwita mwanangu. Mimi nikasema sawa, sawa, asante sana. Nilimaanisha. Kweli nilimaanisha.

Kisha nikajitazama kwenye kioo. Yai lililomenywa! Hakuna polisi duniani angenitofautisha na mtawa. Kila asubuhi watawa wa Nong Takhian hutoka na mabakuli kupokea chakula cha sadaka, kisha hurudi kwa mlango wa nyuma, na hakuna anayewasimamisha. Naingia nao, nachukua sanduku, natoka. Pikapu ya Thawon itanikuta nyumbani nimekaa kama mtoto mwema. Baada ya wiki mbili za utawa soko la hirizi litakuwa limeshapoa. Ni kesho au basi.

Kasoro ni joho tu. Lakini lipo moja. Mama alilinunua zamani, analitoa kila mwaka analianika, analikunja tena. Liko kwenye sinia karibu na mto wake. Ni la kwangu hata hivyo. Kulivaa saa moja mapema si wizi.

Jumapili, 5 Machi

Naandika nikiwa kituo cha polisi. Koplo wa hirizi amenipa kalamu na karatasi.

Kuingia kulikwenda vizuri kupita kiasi. Nilijipanga nyuma ya msururu, macho chini, bakuli la supu la nyumbani chini ya joho. Mama mmoja njiani akanitilia wali wa kunata. Nikaula. Ukumbini sanduku lilikuwa pale pale. Nikahamishia hirizi kwenye mfuko wa begani na bakulini, nikashika njia ya kutoka.

Kumbe watawa wanaorudi hawatoki tena! Niliyekuwa natoka ni mimi peke yangu, mnene, wa makamo, sina nyusi, nimebeba mfuko unaogongana. Polisi wakanitazama. Wakaitazama picha ya Baba Mkuu. Wakanitazama tena. Baba Mkuu naye ni mnene. Wakafungua mfuko, wakakuta sura yake imejaa humo. "Tumempata!" mmoja akapiga kelele, na waumini langoni wakaanza kulia.

Sasa wakawa na kazi. Mtawa hafungwi pingu akiwa na joho, ni lazima kwanza avuliwe utawa na mkubwa wake. Inspekta Kriang, mkuu wa msako, akaniunganishia viganja kwa heshima, akaniomba radhi kwa usumbufu, akaniketisha kwenye kiti kivulini na kuniletea maji. Polisi waliokuwa wakinikamata wakachuchumaa ili vichwa vyao visizidi changu. Nilitaka kusema mimi ni Tui wa hirizi. Sikusema. Kuvaa joho bila kuvishwa ni kosa la jinai, nililijua hilo. Halafu, niseme tu, hakuna mtu aliyewahi kuchuchumaa mbele yangu.

Hapo ndipo pikapu ya Thawon ilipofika.

Mtu wa sokoni alikuwa amekimbia nyumbani kusema Tui ameonekana hekaluni amevaa joho, polisi wamemsujudia. Mama akadhani nimevishwa tayari, hapa hapa Nong Takhian alipopataka tangu mwanzo. Akashuka, Thawon amemshika kiwiko. Amevaa blauzi yake nyeupe ya sikukuu. Ana mkebe wa chakula, samaki wa kukaanga na wali, aliowahisha kabla ya mchana kwa kuwa watawa hawali baada ya hapo. Akasimama. Akainua uso. Nikamwona anaiona rangi.

Akapiga magoti kwenye changarawe. Mama yangu! Akaniinamia mimi mpaka paji la uso likagusa chini. Nikasema moyoni, mzuie, Tui, sema sasa. Akainama mara ya pili. Alikuwa analia na kutabasamu, na mimi nilikuwa na hirizi mbili zimenasa kwapani.

Kisha akanyoosha mkebe kwa mikono miwili. Nikaupokea. Vidole vyetu vikagusana. Akatulia kidogo hivi. Halafu akainama mara ya tatu, polepole, akarudi nyuma.

Mtawa Mkuu wa Wilaya akaja kunivua utawa. Mzee mkavu, ana fimbo. Akaniuliza ni nani aliyenivisha. Nikasema, aa. Akauliza ni lini. Nikasema, ee. Akamgeukia Inspekta, akasema huyu si Sutham, na si mtawa, na asiyevishwa havuliwi. Inspekta akauliza sasa afanyweje. Mzee akasema, "Mvueni kama shati."

Wakanivua. Nikabaki na kaptura ya timu ya mpira. Watu wote walicheka, isipokuwa Thawon, aliyekuwa anamfunika mama macho kwa kiganja. Sijui kwa nini alijisumbua, mama haoni mbali hivyo.

Jumatatu, 6 Machi

Nimeachiliwa kwa onyo na faini. Hirizi zimebaki kituoni, kielelezo cha kesi. Joho pia ni kielelezo. Nimewasihi kuhusu joho. Wapi!

Thawon amenifuata na pikapu. Njia nzima hakunitania hata mara moja. Ningependa anitanie.

Mama alikuwa amekaa kitandani, sinia tupu pembeni. Nikamwambia nasikitika. Akasema, "Ulipokea kwa mkono wako, Tui."

Mtoto wa darasa la kwanza analijua hili! Mtawa hapokei kitu mkononi mwa mwanamke, hata awe mama yake mzazi. Hutandika kitambaa, mwanamke akaweka juu yake. Mimi nimekaa nje ya lango la hekalu miaka yote hii nikiona vile vitambaa vikitandikwa, na vidole vyangu vikaenda moja kwa moja kwenye vyake.

Kwa hiyo alijua pale pale. Nikamuuliza basi kwa nini aliinama tena. Akasema polisi walikuwa wanatazama. Angeacha katikati wangeshtuka, na watu wangenicheka. Na mkono wangu ulikuwa wa baridi, akajua naogopa.

Nikatoka uani. Nimelia karibu na mtungi wa maji mpaka kuku wakakimbia. Mimi ni mtu gani? Nimeapa mbele ya kuku hao. Sitafanya hila tena. Nitavaa joho kihalali mara moja, Mama alione, na mkebe nitaupokea kwa kitambaa.

Alhamisi, 9 Machi

Polisi wamefunga msako. Wameondoka na fimbo na kandambili za Baba Mkuu, yeye mwenyewe hayupo. Mke wa Thawon amesimama langoni akayatazama malori yakiondoka, kisha amerudi shuleni kufundisha.

Thawon kaja tena. Mzee wa Ban Khok bado yuko tayari, Jumapili, joho la kuazima. Nimemwambia Thawon sistahili wema wake. Akasema hafanyi kwa ajili yangu, "Nafanya kwa ajili ya mama, wewe ni mzigo tu unaobebwa na pikapu." Hapo nikafurahi, amerudi kuwa mwenyewe.

Mama ameambiwa. Ameomba aoshewe tena ile blauzi nyeupe. Inatia huruma jinsi anavyojaribu kutoonyesha furaha, asije akaniogopesha.

Nyusi zimeanza kuchomoza. Zinawasha.

Jumapili, 12 Machi

Sikuenda.

Si kosa langu! Jana koplo kanipitia. Kesi haina mshtakiwa, kwa hiyo vielelezo vidogo vinarudishwa, Jumapili asubuhi, kwa mwenyewe tu, ana kwa ana. Nisipotokea vinatupwa. Na si hilo tu. Msako umekwisha na Baba Mkuu hakuonekana, hivyo hirizi zimethibitika! Watu wanakuja kutoka mkoani. Na za kwangu ziliingia na kutoka kwenye msako wenyewe, zimekaa kituo cha polisi, zimepita mikononi mwa inspekta. Nani mwingine anazo kama hizo? Ningevaa joho leo ningekaa wiki mbili bila kugusa biashara. Wiki mbili!

Joho pia wamenirudishia. Limepigwa muhuri wa kituo pindoni, ila ukilikunja vizuri hauonekani. Nimeliweka kwenye sinia lake.

Thawon alikuja na pikapu akanikuta napanga meza. Nikamweleza vizuri, kwa hesabu. Nikamwambia baada ya Songkran, mwaka mpya wetu wa mwezi wa nne, maji ya sikukuu yakishakauka, nyusi zitakuwa zimeota na nitanyolewa upya kama inavyotakiwa. Aliteremsha ndoo zake za maua, akahamia upande wa pili wa lango.

Nyumbani, Mama alikuwa amevaa blauzi yake tayari, amekaa mlangoni. Nikamweleza naye. Akasema sawa, mwanangu, baada ya Songkran. Kisha akaniuliza mbona leo hakupambazuki.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limempiga usoni. Nimemwambia kuna mawingu.