Mashine ya Mfano ya Mtaa wa Sandpiper

Kitu cha kwanza alichokiona Verna Culpepper kilikuwa utando wa buibui. Ulianzia kwenye kitasa cha mlango wa mbele ukafika hadi kwenye fremu, mzima, haujaguswa, na katikati yake buibui mnene alikuwa amejikalia kama ndiye mwenye nyumba. Chini yake palikuwa na zulia la kufutia miguu, jua limelichujua rangi lakini halijakanyagwa hata na paka.

Verna akapunguza mwendo wa gari. Nyumba ya pili: utando. Ya tatu: utando, na juu ya kengele ndege amejenga kiota.

"Hawa watu," alijiambia taratibu, "hawana mlango mwingine ila wa gereji."

Na kweli hawakuwa nao. Mtaa wa Sandpiper uko kwenye kisiwa chembamba cha pwani ya Florida, umejaa wastaafu walioikimbia theluji ya Ohio na Michigan, na maisha yao yote yanapita kwenye gereji. Asubuhi mlango mkubwa unapanda, gari linatoka. Jioni gari linaingia, mlango unashuka. Mchana wenyewe wanakaa humo humo gereji kwenye viti vya plastiki, feni inawapuliza, friji ya bia iko karibu, wanampungia mkono kila apitaye. Ufunguo wa mlango wa mbele hakuna anayekumbuka uliko.

Sasa wachukue watu kama hao, uwaweke mahali ambapo hewa yenyewe ina chumvi, inakula cheni, inakula springi, inakula skrubu. Halafu uwakumbushe kwamba msimu wa vimbunga unakaribia na umeme utakatika. Mtu wa namna hiyo humuuzii mashine ya kufungulia mlango. Unamuuzia njia ya kutoka nyumbani kwake.

Verna alikuwa mwanamke wa makamo, ana sura ya mwalimu wa watoto kanisani na sauti inayoweza kumlaza mbwa mkali. Pwani yote ile alikuwa ameshauza rangi ya kuzuia paa lisipeperuke, na dawa ya mchwa ambayo ilikuwa maji. Hakujiona mwizi hata kidogo. Alijiona mtu wa mauzo ambaye bidhaa zake zina aibu, hazipendi kuangaliwa sana.

Ila safari hii alikuwa na jambo moja moyoni. Huko bara, kwenye vilima vya Georgia, palikuwa na nyumba ndogo ya mbao yenye baraza, na mwenye nyumba alikuwa amekubali kumwekea kwa muda. Verna alilala ndani ya gari miaka mingi, na sasa alitaka kulala mahali ambapo akigeuka usingizini hapigi goti kwenye usukani. Akiba yake ilikuwa inakaribia kutosha. Lilibaki pigo moja tu, la mwisho. Matapeli wote wana pigo la mwisho. Wengine wanalo kila mwaka.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kwa muuza vyuma chakavu mmoja upande wa pili wa daraja kulikuwa na rundo la mashine kuukuu za milango. Angezipaka rangi nyeupe ya mashua, angebandika picha ya nanga, angeziita mashine za baharini. Malipo ya awali mtaa mzima, kisha daraja, kisha kwaheri ya kuonana mbinguni.

Alimkuta Bibi Ottilie Hargreave ameketi ndani ya gereji yake, anamenya kamba wa baharini. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa, kikongwe mwembamba mwenye kofia pana. Pembeni yake alikaa jirani yake, Mzee Dwight Zabriskie, mwenye tumbo la kuheshimika na vifaa vya kusikilizia masikio yote mawili.

Verna akawasogelea. Alitoa mfukoni cheni iliyooza kwa kutu, akaiweka sakafuni taratibu kama anayeweka shada la maua kaburini. (Cheni hiyo ilikuwa imelala ndani ya ndoo ya siki na chumvi, lakini hilo halikuwahusu.)

"Ee Mungu wangu," alisema Bibi Ottilie. "Hiyo imetoka wapi?"

"Nyumba kama hii yako, Bibi. Pwani kama hii yako. Mwenyewe alikuwa ndani kimbunga kilipokuja."

"Akapona?"

Verna akashusha macho. "Siku hizi hazungumzii milango."

"Anasema nini?" Mzee Dwight akapaza sauti.

"Anasema cheni yako itaoza, Dwight!"

"Nani ataoza?"

"Na wewe pia! Tulia, mgeni anaongea."

Verna akaongea. Alieleza chumvi kana kwamba ameshawahi kuolewa nayo. Alieleza mashine ya mkanda isiyo na cheni, mwili wake chuma kisichoshika kutu, betri yake inayoamka umeme ukilala. Bibi Ottilie alisikiliza, kidole gumba kimesimama kwenye shingo ya kamba.

"Binti yangu, wewe umeletwa," alisema mwishowe. "Sisi hapa tumechoka. Kila nyumba na mashine yake, kila mtu na fundi wake. Kamati inataka kuchagua mashine moja, aina moja, nyumba zote."

"Zote?" Verna alijitahidi sauti isiruke.

"Zote. Lakini wazee unawajua. Hawaamini mpaka waone. Ungeweka moja tu, ya mfano, hapa kwangu..."

Verna nusura amkumbatie. Hilo ndilo alilokuwa analitafuta njia ya kulisema, na bibi kamtafunia kabisa.

"Bibi, hiyo ya kwako ni zawadi," alisema, mkono kifuani.

"Hapana jamani, nitaona haya."

"Zawadi. Nakataa kusikia kingine."

Hapo Mzee Dwight akatoa sumaku mfukoni. Ilikuwa kubwa kama kitumbua.

"Chuma kisichoshika kutu hakishiki sumaku," alisema kwa ukali. "Nikiigusisha mashine yako nayo ikanasa, ujue umetudanganya. Na umeme nitauzima mwenyewe, tuone hiyo betri."

Verna alitabasamu. Zile za chakavu zingeinasa sumaku ile ikiwa bado mtaa wa pili. Basi, ile ya mfano lazima iwe ya kweli. Alikwenda dukani akanunua mashine bora kuliko zote zilizokuwepo, akailipia kwa ile akiba ya Georgia, na moyo ukamuuma kama anayeng'olewa jino. Lakini alijituliza. Hii ilikuwa chambo tu, na mtaa mzima ulikuwa umefungua kinywa.

Siku ya kuonyesha, majirani walikuja na viti vyao, saladi ya viazi, na maoni. Mzee Dwight alipitisha sumaku juu na chini, haikushika. Akazima umeme. Bibi Ottilie akabonyeza rimoti, na mlango ukapanda kimya kabisa, kama pazia la jukwaani. Watu wakapiga makofi, na Verna akarudia mbele ya wote kwamba ni zawadi. Bwana mmoja mwenye kaptura ya maua akafuta machozi, ingawa huenda ilikuwa mafuta ya jua.

"Kamati itakaa," alitangaza Bibi Ottilie.

Kamati ikakaa. Verna alipofuatilia, akaambiwa mashine ni kimya mno, mama fulani hamsikii mumewe akirudi kutoka kwenye gofu na anakosa muda wa kuficha sigara. Akarekebisha. Akaambiwa taa yake ni nyeupe mno, inaonyesha buibui. Akabadilisha taa. Akaambiwa mlango unapanda haraka, mbwa wa nyumba ya kona ameshtuka na sasa hataki kula. Verna alimbembeleza mbwa.

"Bado tunachagua, mpenzi," Bibi Ottilie alimwambia kila mara, na kila mara kipande cha keki ya ndimu kilimfuata mpaka garini. Mwenye nyumba wa Georgia naye alikuwa anapiga simu, na kila simu alikuwa na sauti fupi zaidi.

Ndipo asubuhi moja Verna akaingia mtaani na kukuta gari geni mbele ya nyumba ya Mzee Dwight. Ndani ya gereji, juu ya ngazi, bwana mmoja mnene mwenye masharubu alikuwa anafunga mashine mpya inayoamriwa kwa simu ya mkononi. Chini yake Bibi Ottilie alikuwa amemshikia skrubu.

"Umeletwa, mwanangu," alikuwa anamwambia. "Kamati inataka aina moja, nyumba zote. Lakini wazee unawajua, hawaamini mpaka waone."

Verna alisimama barabarani. Ilikuwa siku ya kutoa taka, na milango ilikuwa inapanda mmoja baada ya mwingine ili mapipa yatoke. Akatazama dari ya gereji ya kwanza. Akatazama ya pili. Mashine nyekundu, mashine nyeusi, mashine ya Kijerumani, mashine iliyofungwa ukutani. Hakuna mbili zilizofanana, na hakuna iliyokuwa na doa la kutu. Mtaa mzima ulikuwa umejengwa kwa mifano ya bure.

Alimsubiri Bibi Ottilie gerejini kwake.

"Mashine yangu," alisema Verna. "Nataka kuichukua."

"Ile zawadi?" Bibi Ottilie alimtazama kwa upole. "Uliisema mbele ya watu wote, binti yangu. Hata mchungaji alikuwepo, alikula saladi."

"Hamna nia ya kuchagua."

"Nia tunayo. Tunachagua tangu marehemu mume wangu alipokuwa mwenyekiti. Kuchagua si jambo la haraka."

Mzee Dwight alikuwa ameingia nyuma yake, sumaku mkononi. "Kama hujaridhika nenda polisi. Afisa wa hapa ni mpwa wangu, atakuandikia jina vizuri tu."

Jina la Verna lilikuwa limeshaandikwa vizuri katika vituo kadhaa. Aliona baraza la Georgia likienda zake, na mbao zake, na kitanda ambacho mtu anaweza kugeuka.

Bibi Ottilie akamwona uso, na uso wake mwenyewe ukalainika. Akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, akamwekea keki mapajani, akamshika bega.

"Dwight, wa safari hii ananiuma," alisema. "Wengine wote wanakuja na ulaghai wao, wala sijuti. Huyu ameleta chuma cha kweli. Betri ya kweli. Amembembeleza mbwa." Akamgeukia Verna. "Mama, tafuta kazi nyingine. Ufundishe watoto, uuze maua. Biashara hii haitaki mtu mwaminifu na mnyoofu kama wewe. Dunia imejaa wajanja, na wewe huna hata chembe."

Mzee Dwight alitikisa kichwa kwa huruma. "Masikini. Mkweli mtupu."

Akiba kupotea, Verna angeimeza. Nyumba, angeimeza. Hata keki alikuwa tayari kuimeza. Lakini kuitwa mkweli kulimkwama kooni. Aliweka sahani chini, akasimama, akavuta suruali yake vizuri, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwa sauti iliyofika mpaka kwa yule bwana juu ya ngazi, akasema:

"Bibi Ottilie, mimi ni tapeli."