Chupa ya 1899 na Mchuzi wa Mireille

Alhamisi, 6 Machi 1986

Shangazi Honorine kafariki, kaniachia chupa moja. Moja! Lakini lebo inasema 1899, shamba la mizabibu la Malgarde. Jumapili chama chetu cha waonjaji kinachagua mwenyekiti, na mwenye mvinyo mkongwe kuliko wote huwa ndiye. Kwaheri, Odette Larrieu! Miaka tisa amekalia kile kiti, akinusa mvinyo wangu kama anayenusa soksi.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Nimeinua chupa dirishani: mvinyo umepungua hadi chini ya shingo ya chupa. Nikazibua, nikaonja. Rangi ya matofali, harufu ya uyoga na majani makavu. Umeoza! Odette atanicheka mpaka Pasaka. Nikaumwaga wote kwenye sufuria, nikajaza chupa mvinyo wa dukani, vijiko viwili vya jemu ya plamu na tone la siki. Kizibo kipya nikakipaka masizi kionekane cha kale. Mimi ni fundi!

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwetu, wanachama kumi na wawili. Odette kaikagua chupa yangu, kioo na lebo. Katangaza ni halali kabisa, hajawahi kuona ya pili. Kifua kikanivimba. Kisha kaonja.

"Fernand, ndugu yangu, huu ni wa kunywa au wa kupaka mkate?"

Vicheko. Nikasema zabibu za mwaka ule zilipata jua kali. Hakuna aliyesikiliza.

Mke wangu Mireille akaleta samaki wake, yule mrefu kama nyoka, kapikwa kwa mvinyo mwekundu. Odette kachovya mkate kwenye mchuzi. Kafumba macho. Machozi!

"Mireille, shoga yangu, umetia mvinyo gani humu?"

"Ule niliokuta kwenye sufuria. Fernand alisema umeoza."

Wote wakanigeukia. Halafu wakaanza kugombania mkate. Sufuria ikafutwa ikang'aa. Mimi niliambulia kichwa cha samaki.

Mireille kachaguliwa mwenyekiti kwa kura zote. Hata yangu. Alikuwa ananitazama.

Jumanne, 11 Machi

Nimefukuzwa chamani. Barua kaisaini Mireille mwenyewe, kaiweka chini ya kikombe changu cha kahawa. Nimejuta kwa dhati, dakika nne nzima. Nimetafakari, nimeliona kosa langu: jemu.

Kule mji wa Cognac wapo waonjaji wa brandi, ile pombe kali ya zabibu. Hawanijui. Na brandi haitaki jemu hata kidogo. Sukari ya kuunguza inatosha kuipa rangi ya uzee.