Ndege Iliyotangulia Makka

Jumamosi, tarehe 1 Novemba

Rodina amekula bluu. Si nyingi, kidole kimoja tu. Lakini ndiyo ilikuwa bluu ya mwisho, ile ya mto. Sasa nina picha ya mwanamke aliyelala katikati ya mto usio na maji, na mtoto mwenye meno ya rangi ya mbingu.

Nachorea juu ya mashine ya kufulia. Hakuna pengine. Ikizunguka, mitende yangu yote inatetemeka. Ikisimama, Rodina anaamka. Mwaka na nusu sasa sijalala saa tatu mfululizo. Ndiyo maana wanawake wote ninaowachora wamelala. Juu ya mapaa, ndani ya mito, kwenye matawi. Nawaonea wivu.

Rifaat, mume wangu, amerudi kutoka tanuri la mkate akafunua sufuria ya bamia, akakuta brashi ndani. Akasema yeye anaiheshimu sanaa, ila angependa kujua kama imeiva.

Nahitaji chumba! Kimoja tu, chenye dirisha, na mlango unaofungwa kwa ndani.

Na kipo. Juu ya paa la nyumba hii hii. Bi Inshirah, mwenye nyumba, anakaa chini yetu, na katika chumba cha paani ameweka vigae vya kuumulia mkate wa jua, ule unaoumuka juani, na kitanda cha marehemu mumewe. Nimekiomba mara tatu. Mara tatu ameniambia, "Tutaona, mwanangu." Hapa mjini kwetu Isna "tutaona" ni "hapana" iliyovaa nguo za Ijumaa.

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Nimekwenda Jumba la Utamaduni na picha sita nimezifunga kwa shuka la Rodina. Nikaomba ukuta wa kuzitundika. Ustadhi Shukri, msimamizi wa ukumbi, akasema ukumbi umejaa hadi mwakani. Nikachungulia. Viti juu ya viti, na paka amelala katikati. Hata paka ana nafasi ukumbini.

Akazitazama picha. Akauliza mbona wote wamelala, kwani wanaumwa? Akasema watu wa mji huu wanataka kuona ngamia. Atajua yeye. Ndiye anayechora kuta za mahujaji mji mzima. Mtu akiwa Makka, huku nyuma nyumba yake inachorwa Kaaba na ndege na ngamia na jina lake, ili akirudi aikute safari yake ukutani inamngoja. Ngamia wote wa Ustadhi Shukri wana uso wa Ustadhi Shukri.

Sikumwambia. Nilimwambia asante sana Ustadhi, Mungu akuweke. Njiani nikamtukana mpaka Rodina akaanza kuyarudia maneno.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Nimepata wazo! Limenijia nikianika nepi. Nilikuwa nimesimama, nimefumba macho, kibanio mdomoni. Yakini nilikuwa nimelala kidogo, wima, kama farasi.

Bi Inshirah ameomba kura ya Hija miaka kumi na moja. Waombaji wengi, majina machache. Lake halijatoka hata mara moja. Mtaa mzima humwita Hajati kwa heshima ya mvi zake, na kila akiitwa hivyo namwona anavyomeza, kama mtu aliyemeza tende na kokwa lake. Majina ya mwaka huu yanatoka Alhamisi ya wiki ijayo.

Na ukuta wake wa mbele! Mpana kuliko wote mtaani, unatazama njia ya sokoni. Mji wote hupita pale. Ule si ukuta, ule ni ukumbi. Chumba juu, ukumbi chini, mimi katikati na brashi yangu.

Ila lazima aamini kwamba safari hii anakwenda. Na mtu anayeitamani Hija humwaminishi kwa hoja. Unamletea ndoto.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Nimeshuka na bakuli la mboga ya mulukhiya. Nikamwambia, bibi, nimekuota. Umevaa nyeupe, unapaa juu ya Nili, kanzu imejaa upepo, mkononi umeshika mkate wa jua. (Mkate niliuongeza papo hapo. Uongo unataka kitu cha jikoni ndani yake, ndipo usimame.)

Akaacha kuchagua dengu. Halafu akauliza mkono upi. Nikasema wa kulia. Akanitazama mimi, akamtazama Rodina aliyekuwa anamvuta mkufu, akanitazama tena.

Akasema, "Basi chora."

Nikasema lakini, bibi, desturi ni mtu aondoke kwanza. Tena hata jina halijatoka.

"Nimesema chora, Mama Rodina. Kabla ya Alhamisi."

Chumba je? Akasema ukuta ukimpendeza, ufunguo ni wangu. Nimepanda ngazi kama sina miguu.

Rifaat nimemwambia. Hakucheka. Akasema kudanganya kwa ndoto ni kubaya kuliko kupunja mkate, maana mkate mtu atakula uishe, ndoto je? Nikamwambia wewe hujui mambo ya sanaa. Akasema kweli hajui, ila yule mama anamjua.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Siku tatu juu ya ngazi. Siku tatu nzuri!

Bi Inshirah amekaa chini na kiti chake, Rodina mapajani. Na Rodina katulia! Kwangu hatulii hata dakika mbili. Pale anakula ukoko wa mkate na kutazama juu kama mkaguzi.

Ndege nimeipa mabawa marefu, na wanawake wamelala juu yake, mmoja mmoja, na mito yao. Mkiani nimeifungia kamba ya kuanikia, nguo zinapepea mpaka pembe ya nyumba. Chini mto, wenye maji safari hii, na mitende imeinama kuutazama. Kaaba nyeusi, tulivu, njiwa wameizunguka. Na dirishani mwa ndege Bi Inshirah mwenyewe, mkate mkono wa kulia. Juu nimeandika: Hajati Inshirah, Hija njema. Nilipokuwa nachora mbingu sikumbuki kama nilishika brashi au yenyewe ilinishika. Chokaa ilikuwa na baridi tamu. Nusura niegemeze shavu.

Ustadhi Shukri akapita na baiskeli. Akasimama. Ngamia yuko wapi? Nikamjibu yumo ndani ya ndege, amepata kiti cha dirishani. Akauliza jina la Hajati limetoka lini. Bi Inshirah akamjibu mwenyewe: "Limeshatoka kwa Mwenye Kaaba yake. La kwenye karatasi litafuata, Shukri. Endesha baiskeli yako."

Akaenda akitabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Jumanne, tarehe 11 Novemba

Watu wanasimama! Kweli kabisa, wanasimama ukutani. Fundi cherehani wa pale kona ametazama mpaka chai yake imepoa, akasema ukuta huu unamtia usingizi. Sijawahi kusifiwa hivyo maishani.

Lakini wanaingia na ndani. Wanamletea Bi Inshirah sukari na sharubati. Fathiyya wa ng'ambo ya njia amemwomba amkumbuke mbele ya Kaaba, apate mtoto. Mwingine goti lake. Mwingine mtihani wa binti yake. Bi Inshirah anayapokea yote, anarudia majina kwa sauti ili asisahau. Leo nimemkuta anapinda kitambaa cheupe, nguo yake ya Hija. Akaniomba nimtungie uzi sindanoni, macho yake hayaoni vizuri.

Nimemtungia.

Ewe Mola, litoe jina lake. Chumba nakiacha. (Nimesema nakiacha. Kama kuna njia ya vyote viwili, sikatai.)

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Halikutoka.

Ustadhi Shukri ndiye aliyeleta habari, kwa baiskeli, tena mbio. Alishika kofia yake kifuani kama yuko msibani. Fathiyya akaanza kulia, si kwa ajili ya Bi Inshirah, kwa ajili ya mtoto anayemtamani, ambaye sasa hana wa kumwombea.

Mimi nilikuwa paani, nimejificha nyuma ya shuka lenye unyevu. Rodina akanitaja kwa sauti. Mara nne.

Nikashuka. Bi Inshirah alikuwa ukutani na kiti chake, peke yake, amevaa ile nyeupe. Ameimaliza. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yakanitoka kichwani. Nikamwambia tu, bibi, mimi sikukuota.

Akasema, "Najua."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Mtoto wako anaanza kulia nikianza kuswali Isha na anamaliza nikimaliza Alfajiri. Nasikia unavyotembea juu ya kichwa changu. Uliota saa ngapi, wewe?"

Nikauliza kwa nini basi aliniambia nichore. Akasema marehemu mumewe alirudi kutoka Hija akaukuta ukuta huu umechorwa picha ambazo sasa zimefutika, akasimama mbele yake akalia kama mtoto, na miezi miwili baadaye akafa. Akasema kwa umri huu yeye hangoji kurudi ndipo aone. Kwanza aone. Kwenda kutafuata, au hakutafuata.

"Lakini kitambaa nilishona kweli," akasema. "Hapo ulinipata kidogo."

Nikakaa chini, kichwa magotini pake. Nililia mimi. Yeye alikuwa ananitoa chokaa nyweleni.

Jumamosi, tarehe 15 Novemba

Ustadhi Shukri amekuja na ndoo ya chokaa. Ukuta wa Hija bila Hija ni ushahidi wa uongo, akasema, lazima upakwe. Watu wakajaa. Bi Inshirah akatoka na mwiko.

"Wewe Shukri, hujawahi kungoja ndege? Imechelewa. Ikichelewa unaibomoa?"

Fundi cherehani akacheka, mtaa wote ukacheka, na ndoo ikarudi ilikotoka. Ila mimi Bi Inshirah akaniamuru nifute neno moja: Hajati. Hilo si langu bado, akasema. Tangu leo anayeniita hivyo simwitikii. Nikalifuta. Pale palipokuwa na neno pamebaki wingu. Wingu zuri, kusema kweli.

Kisha akanipa ufunguo!

Lakini kwa sharti. Siku saba nisipandishe brashi hata moja. Kila baada ya Adhuhuri nimpe Rodina, nipande, nijifungie, nilale. Nikaanza kupinga. Akaninyooshea mwiko.

Jumanne, tarehe 18 Novemba

Nimelala. Mimi! Kitanda cha marehemu kinalia kama bata, dirishani jua, kando yangu mikate imepangwa juu ya vigae inaumuka polepole. Nikawa naumuka nayo.

Na nikaota. Kweli! Bi Inshirah anapaa juu ya Nili, amevaa ile nyeupe yenye mshono uliopinda, nyuma yake kamba nzima ya nguo zetu, mkate mkononi. Mkono wa kushoto. Nimeshuka mbio bila viatu kumwambia. Alikuwa anachagua dengu, Rodina kasinzia begani pake. Hata hakuinua macho.

"Panda juu ukalale," akasema.

Nimepanda. Sasa niko dirishani, naandika daftarini. Chumba ni kizuri mno. Kwa kuchora. Kwa kuonyesha, hapana, hapapiti mtu ila njiwa. Na kutoka hapa naliona Jumba la Utamaduni lote, na kwenye dirisha la ukumbi naona mkia wa yule paka.

Fundi cherehani anasema Ustadhi Shukri naye ana miaka tisa anaomba kura ya Hija.

Kesho asubuhi nitamwendea. Nitamwambia nimemwota, amevaa nyeupe, amepanda ngamia mzuri asiyefanana naye. Na akiniuliza niliota saa ngapi, safari hii jibu ninalo.