Mota Yangu, Mota ya Shemeji

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Bosi ametangaza. Fundi mkuu anastaafu, nafasi iko wazi. Ofisi yenye mlango wake! Kiti cha kuzunguka! Moyoni nilikuwa nimeshakikalia. Kisha akaongeza kwamba tutashindana, mimi na Shemeji. Shemeji ni kaka wa mke wangu. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi hapa karakanani. Huruma itaniua.

Shindano lenyewe: mwokaji mikate anataka mashine ya kukandia unga, ya mota ya sumaku ya kudumu, ile yenye sumaku zake ndani. Unga ukiwa laini, mota inataka kukimbia. Ukiwa mgumu, inataka kulala. Kila mmoja wetu atengeneze kidhibiti, kisanduku cha kuipimia mota umeme ili mwendo usibadilike. Majaribio ni Ijumaa.

Changu kiko tayari. Nimekirekebisha kulingana na mota yangu kuukuu mpaka vinaelewana kama mapacha. Shemeji bado anakuna kichwa. Maskini.

Jumanne, tarehe 4

Si maskini hata kidogo. Alikwenda kunywa chai akaacha mota yake inazunguka. Nikachukua ubao, nikaubana kwenye gurudumu. Mota ikaguna. Ikapunguza mwendo kidogo. Ikarudi palepale! Nikabana kwa nguvu zote. Ikarudi tena! Aliyetoka jasho ni mimi.

Bosi akanikuta nimeukumbatia ubao. Akasema amefurahi kuona mashemeji wanavyosaidiana, maana mzigo wa ghafla ndio kipimo chenyewe. Shemeji akanishukuru mbele za watu.

Mota yangu sikuibana. Ya nini kuitesa?

Jumatano, tarehe 5

Mama mkwe kaja kula kwetu, na Shemeji naye. Paja la kuku akapewa yeye. Mimi shingo. Katika nyumba ninayolipia kodi mimi!

Mke wangu akamuuliza Shemeji kisanduku chake kinafanyaje kazi. Akajibu eti hajui mwokaji ataleta unga gani, wala sumaku zitachoka lini, kwa hiyo amekifundisha kisiamini kitu. Kipime, kikikosea kijirekebishe. Mke wangu akamtazama kwa macho yanayong'aa. Mimi hajanitazama hivyo tangu harusi. Roho iliniuma, naandika wazi.

Nikasema changu hakikosei, kwa sababu mota yangu naijua ndani nje. Mama mkwe akauliza, je, nikipewa mota nyingine? Nikamwomba, kwa heshima zote, aongeze mboga.

Alhamisi, tarehe 6

Penye nia pana njia! Mota yangu ni ya siku nyingi, joto limezichosha sumaku zake. Ndiyo maana kisanduku changu huimwagia umeme kwa wingi. Ya Shemeji ni mpya kabisa. Ila kwa nje, rangi moja, umbo moja. Wenzangu walipokwenda kula, nikazibadilisha. Yeye abaki na ile choka, mimi nichukue mpya. Mpya lazima iwe bora. Hata mtoto mchanga anajua.

Nimeimba njia nzima kurudi nyumbani.

Ijumaa, tarehe 7

Sitaki kuandika. Naandika.

Mwokaji alikuja na madonge ya unga kwenye ndoo. Akaanza Shemeji. Ile mota choka ikajikongoja, kisanduku kikapima, kikaiongezea umeme, mwendo ukatulia. Mwokaji akatikisa kichwa kwa raha.

Zamu yangu. Kisanduku kikaimwagia ile mpya umeme kama kilivyozoea. Ikaruka! Kikaibana. Ikazubaa. Kikaisukuma. Ikaruka tena, kwa hasira zaidi! Donge likatoka sufuriani likatua kwenye miwani ya mwokaji. Jingine likaingia kwenye nywele za Bosi. Mashine ikaanza kutembea kuelekea mlangoni. Shemeji ndiye aliyechomoa waya.

Akainama, akazikagua mota zote mbili. Nikaanza kutembea kuelekea mlangoni mimi. Akamwambia Bosi kwamba shemeji yake, yaani mimi, ni muungwana, amejitolea kumwachia mota iliyochoka ili kisanduku chake kipimwe kwelikweli. Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi. Ningefanyaje?

Nyumbani mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mchimba kisima huingia mwenyewe, akasema. Kisima gani? Mimi nilibadilisha mota tu.

Jumamosi, tarehe 8

Shemeji ndiye fundi mkuu. Mimi nimepewa kazi ya kuzisumbua mota zote kabla hazijatoka karakanani. Bosi anasema hajawahi kuona mtu mwenye kipaji cha kuvuruga kama mimi. Sijui kama nimesifiwa.

Shemeji amesema yeye hufanya kazi amesimama, kiti cha kuzunguka nichukue mimi. Nikakikalia. Nikazunguka. Nilikuwa na furaha, nakiri.

Kisha kikalia. Kwiii! Na upande mmoja kimelegea. Aha! Kumbe ndiyo maana amenipa!

Kiti cha Bosi ni kama hiki hiki, rangi moja, umbo moja, na hakilii. Jumatatu Bosi huchelewa kufika. Cha kwake ni kipya, lazima kiwe bora.