Nilivyosafisha Mawe ya Samaki wa Afande

Haya ya leo, wapendwa, imenipata mbele ya basoda, wale askari wenye bunduki, tena nikiwa nimepiga magoti.

Munajua ninafanya kazi ya nyumbani kwa Afande mumoja hapa kambi ya jeshi Mbarara. Mutu mukubwa, hasemi mingi. Anakuangalia tu, unaanza kukumbuka dhambi za utoto. Kazi yake ndiyo inalisha watoto wangu kule Rubondo, kwa wakimbizi, tangu mahindi ilipokauka.

Sebuleni ana tangi ya kioo yenye maji ya chumvi, na ndani samaki moja tu, ndogo kama kidole. Anaiita bleni. Alipenda samaki za namna hiyo alipotumwa upande wa bahari, akajitafutia hii Kampala. Haiogelei sana. Inakaa juu ya jiwe, inageuza macho, inakuchunguza. (Hata samaki yake ni soda!)

Asubuhi Madam, bibi yake, akawa anaenda soko.

"Angalia hiyo samaki. Usitoe mfuniko, inaruka. Ikikufa, Afande atakutupa nje ya geti."

"Madam, mimi mutoto wa Uvira! Nimekulia ku ziwa. Samaki ni ndugu zangu."

(Mdomo huu!)

Nikafagia, nikapanguza, nikafika ku tangi. Aibu gani! Mawe yote yana majani ya kijani, yanateleza. Kwetu mugeni akiona hivyo, anasema mama yako hakukufundisha kitu. Nikatoa mfuniko. Nikachukua burosi. Nikasugua jiwe moja moja mpaka yakawa meupe kama meno.

Nikatazama. Samaki hakuna.

Chini ya meza, hakuna. Chini ya kiti, hakuna. Halafu nikaona paka ya Madam mlangoni, imefunga macho, inajilamba midomo. Mungu wangu! Nikaona geti. Nikaona jela ya kambi. Nikaona watoto bananiuliza, "Papa, leo tunakula nini?" Nikakamata paka, nikaifungua kinywa, nikachungulia. (Musiniulize ningefanya nini kama ningeikuta. Ilinikwaruza mpaka pua.)

Woga ukanipeleka ku simu. Nikamupigia Mama Furaha, mukubwa wa kikundi chetu cha maombi Rubondo.

"Mama, samaki ya Afande imekufa!"

"Kufa ni nini mbele ya Mungu? Weka simu kwa sauti kubwa! Piga magoti, inua mikono!"

Nikapiga magoti mbele ya tangi. Kumbe Mama Furaha alikuwa kwa kisima na bamama wote wa kikundi. Bakaanza pamoja kuita samaki itoke kwa kifo: "Toka! Toka kwa jina la Yesu!" Na mimi, kwa ile woga, nikapaza sauti kubashinda wote: "Tokaaa!"

Mlango ukapigwa teke. Basoda wawili, na Afande nyuma yao.

"Mikono juu!"

Ilikuwa tayari juu.

"Nani iko ndani? Nani anatoka?"

"Samaki, Afande."

Ndipo ndani ya tundu la jiwe kikatokea kichwa. Macho mawili. Ikatuangalia mumoja mumoja, ikarudi ndani.

"Imetoka?" simu ikauliza.

"Imetoka, Mama."

"Haleluyaaa!" Vigelegele! Soda mumoja akaegemea ukuta, anacheka mpaka machozi. Afande hakucheka. Akainama, akaangalia mawe.

"Wewe. Ile majani iko wapi?"

"Nimesafisha, Afande."

"Hiyo ndiyo chakula yake! Umeosha chakula yote! Na samaki imejificha sababu ya wewe na burosi yako!"

Nikalia, sifichi. "Afande, usinifukuze. Niko na watoto."

"Kukufukuza? Na hii nani atalisha? Hautoki hapa mpaka majani irudi ku mawe."

Basi tangu mchana ninachemsha lengalenga, ile mchicha ya kwetu, ninakatakata ndogo ndogo, ninapelekea samaki, mukubwa wangu mupya. Nikikaribia tu, anaingia kwa tundu. Sina la kumulaumu. Vile ananiogopa ndivyo ninavyomuogopa Afande. Na Rubondo bamama banataka Jumapili nitoe ushuhuda wa samaki iliyofufuka.

Musicheke, wapendwa. Muniombee tu majani ya yale mawe iote. Lakini muombe kwa sauti ndogo, na isiote haraka, watoto wangu bakule kwanza.